Kumeza Dawa Mbele ya Duka la Viungo

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Nimeombwa niseme katika mkutano huu wa wagonjwa wa kifua, na sitataja jina la mtu.

Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani, mtaa wa Kuze, na kikohozi. Vipimo vikaonyesha kifua kikuu sugu. Dawa zilitoka kwa shirika la kimataifa, na kila asubuhi mhudumu wao alipanda ngazi zetu kuhakikisha nimemeza. Sikumpenda. Mtu mzima, nina digrii, naangaliwa koo! Nikamuuliza nani katuamulia utaratibu huu. Akacheka tu.

Siku moja akaja mikono mitupu.

"Kesho siji, dada. Mradi umefungwa. Dawa zetu tumeziacha hospitali ya serikali, uende mwenyewe."

Sikwenda. Nawaambia kweli, sikulia wala sikukasirika. Nililala nikitazama boriti za dari, nikijiuliza vipi watu wakae kikao katika mji nisioujua, na pumzi yangu iwe ndani ya kikao hicho. Lilikuwa swali zuri. Bado ni zuri. Lakini kikohozi kilirudi, nami nikakisikiliza kama cha jirani.

Chini yetu kuna mama wa Kihindi mwenye duka la viungo. Alinisikia kupitia dari yake, akapanda.

"Mbona yule kijana wa dawa simwoni?"

"Wafadhili wameondoka, mama."

"Na kifua chako wameondoka nacho?"

"Si hilo. Nani aliyewapa haki ya kuamua—"

"Utauliza njiani. Vaa barakoa, vaa buibui, twende."

Akafunga duka, saa ambayo wateja ndio wanaanza kumiminika. Njia nzima niliuliza. Yeye akazidisha mwendo. Hospitalini alimsumbua muuguzi mpaka faili langu likapatikana. Matibabu yakaanza upya, tangu mwanzo kabisa.

Tangu hapo, kila asubuhi nilimeza nikiwa barazani kwake, nje, yeye akinitazama huku akipima iliki. Mteja mmoja akauliza, "Huyu anakula nini?"

"Anakula digrii yake," akasema.

Daktari aliponiambia nimepona nilisubiri furaha. Haikuja. Huenda iko njiani, sijui. Nilimpa mama yule habari, akasema, "Alhamdulillahi. Sasa shika huu ufagio."

Nashukuru shirika, dawa zao ndizo zilizonitibu, nami siwezi kukataa hilo kwa sababu tu waliondoka bila kuniuliza. Namshukuru muuguzi. Yule mama nimejaribu kumshukuru, hataki.

Ndugu zangu, dawa zikitoka ng'ambo tuzipokee, na serikali yetu tuiulize kwa nini lazima zitoke huko. Lakini wa kukutazama ukimeza, usimsubiri wa mradi. Naona leo kuna wagonjwa wageni wamekaa nyuma, peke yao. Asubuhi niko nyumbani. Pigeni hodi, dawa zenu mkononi.