Jochim Drewes, Aliyepiga Kinanda Nyuma ya Pazia

Marehemu Jochim Drewes alizaliwa tarehe 3 Novemba 1719 hapa Hohenwiek, mtaa wa wasokota kamba, mtoto wa pekee wa Harm Drewes na dada yangu Wiebke. Baridi ya mwaka huo ilikuwa kali hata moto wa jikoni ulikuwa unatetemeka. Mtoto alipotoa kilio cha kwanza, kengele ya Mtakatifu Nikolai iliitikia bila kuguswa na mtu. Asiyeamini akaiulize kengele. Wiebke alifariki siku ya nne, nami Taalke, mama yake mdogo, nikamlea.

Alisoma shule ya kanisa kuanzia 1726 hadi 1735. Hesabu zilimshinda, kuimba hakukumshinda. Yeye na wenzake waliimba kwenye mazishi ya watu wakalipwa mkate, na mwaka wa ndui alinenepa sana.

Mwaka 1741 alichukuliwa kuwa msaidizi wa Bwana Detlev Osterkamp, mpiga kinanda wa kanisa hili, ambaye tunashukuru yuko nasi leo kiti cha mbele, miaka themanini na tisa na meno yake yote. Kazi ya msaidizi ni kuchora mistari ya nota, kunakili sauti za waimbaji, na kujaza sauti za katikati pale mwalimu alipoandika ya juu na ya chini. Miaka ya kwanza Bwana Osterkamp aliandika ya juu na ya chini. Baadaye aliandika ya juu. Baadaye aliandika jina lake.

Majira ya baridi ya 1754 vidole vya Bwana Osterkamp vilikakamaa. Pazia likatundikwa kule juu kwenye kinanda. Marehemu alipiga nyuma ya pazia, Bwana Osterkamp akakaa kando akinusa tumbaku, na wimbo ukiisha alijitokeza ukingoni kuwainamia. Mimi nimekanyaga mivukuto inayokipa kinanda hicho upepo, miaka thelathini na moja. Ninyi mlisikia, mimi niliona.

Miaka kumi kabla ya pazia hilo, tarehe 12 Mei 1744, marehemu alifunga ndoa na Gesche, binti wa Bwana Osterkamp, kwa kuwa hapa kwetu anayerithi kinanda humwoa na binti. Walipatana jikoni kwangu, mbele ya supu ya samaki aina ya mikunga.

"Jochim mwanangu," alisema Bwana Osterkamp, "mwoe Gesche, benchi langu ni lako."

"Lini, Bwana?"

"Nikishakufa."

Marehemu alimtazama vizuri. "Mbona Bwana unaonekana mzima?"

"Mzima kabisa, Mungu ashukuriwe. Niongezee supu, Taalke."

Yeye na Gesche walipendana, hilo niseme. Lakini kila mwaka Gesche alinitania: "Mama mdogo, mume nimepata, kinanda bado!"

Kifua kilimkamata marehemu kwenye baridi ya kule juu, na kabla ya Krismasi iliyopita alianza kutema damu. Akiwa kitandani alitunga wimbo wa mazishi yake, "Unikumbuke Mlangoni", sauti zote nne kwa mkono wake. Bwana Osterkamp alipokuja kumjulia hali, nilikuwepo.

"Baba mkwe," alisema marehemu, "nyimbo zote zina jina lako. Sijalalamika. Huu mmoja andika langu."

"Desturi ya kanisa ni jina la mpiga kinanda."

"Mmoja tu, Baba."

"Tutaona, mwanangu. Pumzika."

Alifariki Jumanne tarehe 9 Februari 1768, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka arobaini na minane, bado msaidizi. Karatasi ya nyimbo mliyoshika nimesomewa na mwalimu wa shule: "Unikumbuke Mlangoni, utunzi wa Bwana Detlev Osterkamp." Basi tumeona.

Ameacha mjane, Gesche. Watoto wawili, Antje na Dirk. Mimi mama yake mdogo. Na baba mkwe, pamoja na benchi lake. Alhamisi baraza la mji lilimwandikia msaidizi mpya kwamba kinanda kitakuja na mjane. Gesche amejibu: "Waambieni niliolewa kwa ajili ya kinanda mara moja, na kinanda chenyewe sikukipata."

Nikimaliza hapa napanda kwenye mivukuto. Bwana Mchungaji atautangaza wimbo na mtunzi wake. Akisema Jochim Drewes, upepo mtaupata hadi madirisha yatoke. Akisema jina jingine, magoti ya kizee huyu yatakufa ganzi papo hapo, na kinanda bila upepo ni kabati tu. Bwana Osterkamp anakaribishwa kupanda kukanyaga mwenyewe.

Jochim wetu apumzike. Hana tena haja ya kumsubiri mtu.