Simu Mliyopiga Sebuleni

Sogeeni wanangu, na wewe Mkurugenzi zima hiyo televisheni, maana mimi sitarudia, wala sina pumzi za kushindana na mtangazaji. Mjukuu wangu, acha kukunja hizo shuka, kaa hapa karibu na mimi. Nimewaita niseme yangu ningali na akili, na nitaanza na ile simu mliyopiga jana sebuleni mkidhani nimelala.

Nilikuwa macho. Nilimsikia Mama Mapacha, binti niliyemzaa mwenyewe, akiwaambia watu wa mtambo wa maji, kwa sauti ya huzuni ya kujitia, kwamba mtoto hawezi kuanza mafunzo kesho hii, bibi yake yu mahututi, nafasi wampe mwingine. Nanyi wawili mmekaa hapo mnaitikia kwa vichwa. Mwenyewe alikuwa dukani kuninunulia dawa, hakuna aliyemuuliza. Mnajua nafasi ile aliipataje? Likizo moja nzima hakuja nyumbani, alisimama getini kwao, mlinzi akimfukuza leo, kesho yupo, mpaka mkuu wa maabara akachoka kumwona akamwita ndani. Asipoyafanya mafunzo hayo, chuo hamalizi. Mmemharibia, kisha mkakaa mezani mkala.

Wala msiniambie mlifanya kwa ajili yangu. Mnaona kinyaa kunigeuza kitandani, basi, mkaona afadhali mtoto wa marehemu dada yenu akae hapa achafue mikono, yenu ibaki laini. Mnatia aibu.

Mkurugenzi wa kujiita, wewe ndiye mkubwa wao, chukua chako kwanza. Tangu mtoto aingie chuo unajipiga kifua kwamba utaongea na mtu. Mtu gani huyo asiye na jina wala ofisi? Siku uliyomwambia ajiandae umpeleke kwake, alivaa, akakaa hapo kibarazani mpaka jua likazama, nawe jioni ukaja kupiga soga kana kwamba hukuahidi kitu. Ungesema humjui mtu yeyote angejitafutia mapema. Na wewe Mama Mapacha, kila akifungua kitabu unamwita akulelee wanao, halafu mbele ya wageni unamvika kilemba cha ukoka, eti injinia wetu. Na huyu mdogo wenu, mzee mzima, mtoto akijizoeza kujibu maswali ya usaili yeye anamwigiza sauti, anacheka peke yake, mpaka mtoto akawa anafanyia mazoezi bafuni.

Mimi nimefua shuka za hospitali mpaka mgongo ukakataa, hayo maji yanapimwaje sijui hata leo. Lakini kila akirudi likizo nilimwambia kaa, nieleze umejifunza nini, na nisipoelewa nasema sijaelewa, naye anaanza upya. Sasa anaongea na mtu yeyote bila kutetemeka. Hilo lilitaka kufunga mdomo tu na kusikiliza, na nyinyi limewashinda.

Nyumba hii ni yenu watatu, mkitaka gombaneni, mimi nitakuwa sisikii. Ila chumba cha mbele, kile chenye mlango wake wa nje, ni cha huyu, na ufunguo nampa mbele ya macho yenu. Akimaliza chuo akaanza kuhangaika na kazi, awe na pake, asilale kwenu kwa malipo ya kuwaoshea vyombo. Cherehani yangu msiitafute. Niliiuza, ikawa buti zake na koti la maabara.

Sasa Mama Mapacha, toa simu. Piga hapa hapa, weka spika. Usiwaambie kulikuwa na kutoelewana. Sema nilikosea, mtoto anakuja.

Haya. Mmesikia wenyewe. Nafasi bado hawajampa mtu, lakini kesho wakifungua geti hayupo, basi. Kwa hiyo anaondoka na basi la jioni hii. Mkurugenzi, ufunguo wa gari unao mfukoni, utampeleka stendi wewe, na utasimama naye mpaka apande. Na mdogo wenu ambebee begi. Asicheke.

Maji... Nipeni maji kidogo.

Sikilizeni, hili ndilo la mwisho. Nikifa akiwa huko, msimpigie. Nizikeni nyinyi, mna mikono. Mpaka mafunzo yaishe ndipo mumwambie. Watu wakiuliza mbona mjukuu hayupo, semeni bibi alimkataza. Atakayempigia... radhi yangu hana.

Usilie, mama, mjukuu wangu. Njoo, inama. Radhi zangu zote unazo, za mama yako pia nakupa mimi. Mungu akushike mkono, kazi uipate, ikupende. Na hawa... hawa nao awahurumie. Niliwazaa, nitafanyaje.

Haya, nenda. Buti zako... zimo mvunguni. Nenda, usinishike tena. Dirisha hilo liacheni wazi... nisikie gari likiondoka.