Betri ya Saa Saba

Ukitaka watu wenye maneno mengi na kazi chache, njoo ukutani kwangu. Mimi ni fundi cherehani, na benchi liko chini ya dirisha langu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nalitaka. Asubuhi Mama Birika akishawasha mkaa wa kahawa, wanaingia mmoja mmoja. Kuna Injinia, anayetengeneza miavuli na pasi, na kuna Kamusi, mchora mabango, ambaye hakubali neno lipite bila kulikagua. Siku hiyo alikuja pia Stata, dereva mstaafu wa lori, akiikokota pikipiki yake, uso umemshuka. Pikipiki yake ni ya zamani, chuma chake cha kupigia kiki kilishakatika, kwa hiyo haiwaki bila kitufe cha stata, na betri ilikuwa imekufa. Binti yake wa kwanza anakaa ng'ambo ya kilima na siku zake za kujifungua zimefika. Mke wa Stata ni mkunga, na ameapa kwamba mjukuu wake wa kwanza hatapokelewa na mikono mingine. Simu ingeweza kulia wakati wowote.

— Nimempigia muuza spea, alisema Stata. Kaniuliza swali, nikabaki mdomo wazi.

— Swali gani hilo? aliuliza Injinia.

— Eti, "Mzee, unataka betri ya saa tano au ya saa saba?"

— Ukamjibuje?

— Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

— Ulifanya vizuri, alisema Kamusi. Swali kama hilo halijibiwi kichwa kichwa.

Mimi najua kidogo mambo hayo. Hizo saa ni kipimo cha moto wa umeme ambao betri inaweza kubeba, basi, kama tunavyosema ndoo ya lita kumi na ndoo ya lita ishirini. Ningewaambia. Lakini nilikuwa nakunja pindo la gauni, pini nne nimezibana mdomoni, na mpaka nimalize kuzitoa watu wangu walikuwa wameshafika mbali.

— Ni rahisi, alisema Injinia. Betri ya saa saba inafanya kazi saa saba, kisha inakata. Ukiiwasha asubuhi, mchana huna kitu.

— Hata kama imezimwa?

— Betri haijui kama umeizima, bwana. Inahesabu tu.

Stata alishika kichwa.

— Sasa uchungu ukianza jioni?

— Ndiyo maana nakwambia usikurupuke.

Kamusi alikuwa anasubiri zamu yake. Alikunywa kahawa, akafuta masharubu, akaweka kikombe chini taratibu.

— Injinia, umepotea. Angekusudia muda angesema "masaa saba". Yeye kasema "ya saa saba". Hiyo ni saa ya ukutani. Ni wakati wake wa kuamka. Betri ya saa saba inaanza kazi saa saba mchana.

— Saa saba ni saa ya kula, alidakia Mama Birika huku akimimina. Mimi hiyo siinunui. Kila ukitaka kwenda mahali, yenyewe imetoka kwenda kula.

— Mama Birika, hapa tunazungumza mambo ya kitaalamu.

— Na mimi nakupa kahawa ya kitaalamu. Leta kikombe.

Walicheka wote, hata Stata kidogo. Halafu akarudi kule kule.

— Basi nichukue ya saa tano?

— Ngoja kwanza, alisema Kamusi, na nikaona macho yake yanang'aa, nikajua tumekwisha. Hizi betri zinatengenezwa wapi? Ng'ambo. Na kule wanaanza kuhesabu saa katikati ya usiku. Sisi tunaanza jua likichomoza. Kwa hiyo saa saba ya kiwandani ni saa moja yetu ya asubuhi.

Injinia alihesabu kwa vidole, akarudia, akatikisa kichwa kwa heshima.

— Na saa tano yao?

— Saa kumi na moja alfajiri.

— Watoto wengi wanazaliwa alfajiri, alisema Mama Birika.

— Tena sana, alisema Injinia. Stata, chukua zote mbili. Moja unaifunga kulia, nyingine kushoto, katikati unaweka swichi. Hii ikichoka, ile inaingia zamu, kama walinzi wa ghala.

— Na mke wangu atakaa wapi?

— Katikati ya betri. Atapata na joto.

Hapo nilitema pini, lakini nilijua maneno ya betri hawatayapokea kwa fundi cherehani.

— Jamani, mpigieni muuzaji simu mumuulize maana yake nini. Dakika moja tu.

Walinitazama kana kwamba nimewaambia wavue nguo. Kamusi alisema mtu mzima hawezi kupiga simu dukani kuuliza maana ya saa. Injinia akasema wauza spea wakishajua hujui, wanakupa betri iliyolala kwenye vumbi. Nikarudi kwenye pindo langu nikinuna. Watu hawa wananichosha, na bado siku wasipokuja nashona vibaya.

— Nyinyi mnacheka, alisema Stata, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Mimi naogopa. Yule mama amepokea watoto wa mtaa mzima huu. Nikimchelewesha kwa huyu mmoja, nitamwangalia vipi usoni?

Mama Birika alimwongezea kahawa bila kuombwa.

Ndipo mkewe akatokea kwenye kona, mkoba wa kazi begani, kanga kiunoni, anatembea kwa hatua za haraka lakini hakimbii. Nilisimama kabla hajafika.

— Mkwe wetu amepiga simu, alisema. Uchungu umeanza. Pikipiki imewaka?

— Bado tunachagua betri, mke wangu.

— Tangu asubuhi?

— Shemeji, suala lina pande nyingi, alisema Kamusi.

Alitutazama mmoja mmoja, na mimi nikiwemo.

— Hiyo iliyomo ndani sasa hivi imeandikwa ngapi?

Injinia alimtazama Kamusi. Kamusi alitazama kikombe chake. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa pale pale, hatua chache kutoka benchini, na hakuna hata mmoja wetu aliyefungua kifuniko chake kuangalia.

— Haya, simameni, alisema mama yule. Mtasukuma.

Tulisukuma. Stata mbele, mkewe nyuma, sisi watatu tunahema kuteremka barabara, Mama Birika akituhimiza na birika mkononi. Na lazima niseme ukweli, Injinia alikuwa wa maana siku hiyo.

— Tia gia ya pili! Shika klachi! Sasa iachie!

Ilikohoa, ikakohoa tena, ikatoa moshi mweusi, ikanguruma. Stata hakugeuka hata kuaga. Tuliwaona wakipanda kilima mpaka wakatokomea, tukarudi benchini polepole. Hakuna aliyetoa nadharia yoyote.

Simu yangu ililia jua likiwa bado juu. Mwanzoni nilisikia mtu analia tu.

— Stata? Kuna nini?

— Wa kike, alisema. Wote wazima. Kapokelewa na bibi yake.

Niliwaambia wenzangu. Kamusi alivua kofia, akajifuta macho nayo, akasema ni vumbi. Mama Birika alipiga kigelegele mpaka wateja wangu wakatoka nje. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi, nikawa nakunja kitambaa ambacho kilishakunjwa.

— Muulize betri, alisema Injinia, nami nikaweka simu kwenye spika.

— Nilipokuwa nangoja nje nilifungua kifuniko, alisema Stata akipenga kamasi. Maandishi yote yamefutika. Na jamani, niliogopa kuizima pikipiki nikaiacha inaunguruma uani muda wote ule. Sasa mafuta yamekwisha. Nirudi vipi?

Niliwageukia ili niwaulize nani ana nafasi ya kwenda. Kamusi alikuwa ameshasimama, anafunga kamba za viatu. Injinia alikuwa na dumu tupu mkononi, sijui alilitoa wapi, ameshaanza kuelekea kituo cha mafuta. Nilifunika cherehani, nikafunga dirisha, nikawafuata.