Nne kwa Penseli

Ndani ya basi la Kyoto, nikielekea darasa la jioni, nilikatiza sala yangu ili nisikilize. Mungu anisamehe. Mhakiki kijana wa michezo ya kompyuta alikuwa akimwonyesha mama wa kiti cha pili alama nne kati ya kumi alizouandikia mchezo mmoja daftarini kwa penseli, za kupeleka gazetini leo.

"Huo mchezo binti yangu Kanae ameuchora miaka sita," alisema yule mama. "Nne ya nini?"

"Mgumu mno, mama. Yule mnyonya damu wa kwenye ngazi za kanisa ameniua mara arobaini."

"Na kila mara ukarudi?"

"Nilirudi."

"Mwanangu, chakula kibaya unakipakua mara arobaini?"

Kijana alijikuna sikio kwa penseli. Basi likasimama, akashuka. Nikaendelea na sala, nikimwombea kifutio.