Bwana Sifa na Siku Alipokifuta Kipimo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtunza data wa ofisi ya maji, aliyefariki dunia Jumanne iliyopita akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Narudia kwa waliochelewa: mtunza data wa ofisi ya maji, miaka sitini na minane, Jumanne iliyopita. Kazini walimwita Bwana Sifa. Jina hilo lilimponza.

Kwanza tuielewe kazi yake. Faili la data ni kama debe lililojaa namba. Debe lisilo na maandishi halikwambii kama ndani mna mafuta ya kula au mafuta ya taa. Utajua ukishakaanga. Kwa hiyo kila faili hubandikwa maelezo: namba hizi ni za nini, zimepimwa kwa kipimo gani, nani alizipima, na lini. Maelezo hayo huitwa sifa za faili. Marehemu aliandika programu za kompyuta za kuziweka sifa hizo, kuzisoma, kuzirekebisha na kuzifuta. Kuzifuta, wasikilizaji wapendwa. Likumbukeni neno hilo.

Sasa mtu wa kazi hiyo akaenda kuposa. Mjane wake anasimulia:

"Mama alimwuliza, 'Baba, unafanya kazi gani?' Akajibu, 'Mama, mimi nashughulika na sifa.' Mama akanitazama mimi, si yeye. Akasema, 'Wapenda sifa tunao wengi hapa mtaani, na hakuna anayewalipa.'"

Posa ilikubaliwa, lakini kwa shingo upande.

Mama mkwe huyo naye alikuwa mtu wa ofisi ya maji. Kwa miaka arobaini alikuwa mpimaji wa mto. Kila asubuhi alishuka ukingoni, akaisoma nguzo yenye alama, akaandika kina cha maji katika daftari. Madaftari yale yaliingizwa katika kompyuta, yakawa mafaili mia nne na themanini, kila mwezi na faili lake. Baadaye bomba la stoo lilipasuka. Madaftari ya ofisi ya maji yakaharibiwa na maji. Yakabaki mafaili peke yake.

Bwana Sifa alipokuwa na umri wa miaka hamsini, aliliona jambo lililomkosesha raha. Katika mafaili yale, sifa ya kueleza kipimo iliitwa "kipimo". Lakini ndani ya faili mlikuwa na kina cha mto na kiasi cha mvua. Vipimo viwili, jina la umoja.

Mwenzake wa dawati la pili alimwambia, "Mzee, kompyuta haijali."

"Mimi najali," akajibu.

Akaandika programu ya kukifuta "kipimo" na kuandika "vipimo". Kisarufi alikuwa na haki, na nitamtetea mpaka mwisho. Kosa lilikuwa katika utaratibu. Programu ilikifuta "kipimo" katika mafaili yote kwanza, ndipo ikaanza kuandika "vipimo". Ilipomaliza mafaili mia tatu sitini na manane, ikakwama, na futi au mita zilizokuwa hazijaandikwa upya zikapotea nayo. Mafaili mia moja na kumi na mawili yakabaki hayana kipimo wala vipimo. Alipogundua, zilikwisha kupita siku tatu, na nakala ya akiba nayo ilikwisha kuchukuliwa kutoka kwenye mafaili yale yale yaliyoharibika.

Hasara haikukawia kujitangaza. Programu ya ripoti, kila ilipokikosa kipimo, ilidhani ni mita. Mkurugenzi akasimama mbele ya wageni, akasoma kwamba mto uliwahi kupanda mita ishirini na moja. Mhandisi wa madaraja akaitazama dari.

"Jengo hili lina mita kumi na tatu," akasema. "Mwaka huo mikutano mliifanyia ndani ya mtumbwi?"

Zilikuwa futi. Hiyo ilijulikana kwa ukubwa wake. Lakini namba tatu au nne je? Huenda ni futi za kiangazi, huenda ni mita za masika. Mkurugenzi akaamuru: ikifika Ijumaa mchana bila jibu, mafaili mia moja na kumi na mawili yafutwe. Zaidi ya miaka tisa ya mto itupwe.

Siku ya Jumatano Bwana Sifa alikwenda ukweni, amekumbatia kompyuta yake ya mkononi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Nimekifuta kipimo."

"Cha nani?"

"Cha mto."

"Mto wangu?"

"Mto wako, mama."

Mama mkwe akavaa miwani. Akataka asomewe faili moja tangu juu. Bwana Sifa akasoma mahali, akasoma mwezi, akafika pa mpimaji. Akasita.

"Soma, baba."

"Mpimaji: haijulikani."

"Haijulikani?"

"Ndivyo nilivyoyakuta, mama. Tena kwa mtu ilipasa iwe hajulikani."

"Usiniletee sarufi. Ndiyo iliyokufikisha hapa. Umeoa kwa haijulikani. Umekula kwa haijulikani, ukaongezwa. Andika jina langu kwanza, ndipo nikumbuke."

Akaliandika jina lake katika mafaili yote. Kisha wakaketi siku mbili. Mkwe anataja mwezi na kusoma namba, mama mkwe anajibu: futi, futi, mita. "Hapo mafuriko yaliichukua nguzo ya mita, tukarudi kwenye ya futi. Kitinda mimba wangu alikuwa anaota meno, sitasahau." Walipofika kwenye mafaili matatu, akatikisa kichwa.

"Haya siyakumbuki."

"Tukisie, mama?"

"Andika kwamba siyakumbuki."

Ijumaa ikafika. Mkurugenzi akauliza, "Huyu mama tutamwamini vipi?" Aliyemjibu ni yule mhandisi: "Kwa haya matatu aliyokataa kuyasema." Mafaili hayakufutwa. Daraja jipya lilijengwa kwa kutegemea namba zake.

Bwana Sifa hakuishia hapo. Katika kila faili aliongeza sifa nyingine, akaiita "historia": "Kipimo kilifutwa na mimi kwa kukosa tahadhari. Kimerudishwa kwa kumbukumbu ya mpimaji." Mara mia moja na tisa. Katika yale matatu akamalizia: "Mpimaji hakikumbuki."

Wiki hii vijana wa ofisi walitaka kuyaondoa maneno hayo ili kumsitiri marehemu. Mjane akawakatalia. "Yaacheni. Atakayezitumia namba hizo ana haki ya kujua zilipitia mikononi mwa nani."

Mama mkwe, ambaye sasa ana miaka themanini na minne, aliniambia hivi: "Wengine walikuja kwangu na visingizio. Huyu alikuja na kosa lake."

Tunawapa pole mjane, watoto wawili, na mama mkwe aliyempoteza mkwe na mfanyakazi mwenzake. Mungu awape subira. Nawe msikilizaji, kama kuna jambo uliloliharibu, na anayelikumbuka vizuri bado yu hai, nenda kwake leo. Mwamkie, keti, uandike anayokuambia. Na akisema hakumbuki, andika vivyo hivyo.