Mlango wa Marcella Kebaso

Mgeni rasmi, Daktari, Bwana Meneja, chifu wetu, wachungaji, wazee, akina mama na vijana wa Kambi ya Juu, hapa Kimulot: tunawasalimu nyote.

KARIBU KWETU

Daktari, tunakushukuru kwa kupanda mlima huu wakati wa mvua. Gari lako lilipokwama kwenye matope ulishuka, ukasukuma pamoja nasi. Jambo hilo limetupa moyo wa kusema. Tukikosea neno, utusamehe. Tuna hofu.

TULIKOTOKA

Sisi ni wachumaji wa chai ya kampuni. Baadhi yetu ni Wakipsigis wa Boito na Sigowet. Wengine ni Wakisii waliokuja kutafuta kazi, wakazaa na kuzika hapa. Vurugu za kikabila za mwaka 1992 zilipofika, Marcella Kebaso alisikia akiitwa mlangoni kwa jina lake. Sauti aliijua. Akafungua, wavamizi wakaingia. Mume wake tulimzika wiki hiyo. Watoto walipona kwa sababu jirani yake, Aron Kiplangat, ambaye ni Mkipsigis, aliwaficha nyuma ya magunia ya mahindi.

Tumebaki pamoja miaka miwili sasa. Lakini katika kambi hii hakuna anayefungua mlango upesi.

KAZI ILIYOFANYWA NA WASAIDIZI WAKO

Mwezi uliopita walitujia kupima maradhi ya tabia, yaani hali ya mtu ambaye tangu ujana tabia yake humtesa yeye na kila aliye karibu naye. Tulielezwa kwamba maswali hayo hayo huulizwa katika nchi nyingi, ili ijulikane kama maradhi haya yako sawasawa kila mahali. Ni kazi njema, na sisi pia tungependa kujua.

Tunaamini maradhi hayo yapo. Kuna mtu mmoja wa hapa, hatutamtaja. Wakipsigis wamemchoka, Wakisii wamemchoka, na mama yake alimlilia akiwa bado kijana. Mahali popote angezaliwa, tunadhani wangemtambua. Yeye alijibu maswali vizuri kuliko sisi sote, akaonekana mzima.

MAMBO YANAYOTUSUMBUA

Mwenzetu Kipkurui aliulizwa kama huwaepuka watu. Akasema ndiyo, hata njia huiacha akaingia ndani ya chai. Hakuulizwa anamwepuka nani. Ni mama mkwe wake, na asingefanya hivyo tungemwona hana adabu. Judy Omosa aliulizwa kama hushindwa kuamua mambo bila wengine. Akasema ndiyo, hawezi kuuza hata mbuzi kabla shemeji zake hawajaketi kushauriana. Na kosa jingine ni letu wenyewe: tumelelewa kutomkatalia mgeni, kwa hiyo pale ambapo hatukuelewa swali, tulisema ndiyo ili asione aibu.

Matokeo yaliposomwa, kambi yetu ilikuwa na wagonjwa wengi kuliko nchi zote zilizotajwa. Tulicheka. Kisha tukaacha kucheka, kwa sababu Marcella alihesabiwa mgonjwa, akasimamishwa kazi. Ameambiwa ahame nyumba ya kampuni Jumamosi hii, isipokuwa wewe, Daktari, useme kwamba yeye si mgonjwa wa tabia.

Hivi ndivyo alivyoulizwa, na wengi tulikuwa nje tukisikia:

"Mama, unashuku majirani?"

"Ndiyo."

"Wote?"

"Wote, mpaka waseme ni akina nani."

Tungeomba usikie pia yale tunayosikia sisi kila jioni Aron akimpelekea maziwa.

"Nani?"

"Ni Aron."

"Aron ni wengi. Jogoo wako ana rangi gani?"

"Jogoo gani, mama? Si uliniambia niwachinjie wageni wa kanisa? Ukala paja!"

"Na shingo nikakuachia. Ingia, maziwa yanapoa."

Kabla ya mwaka ule hakuwa hivi. Alilala mlango ukiwa wazi, na mumewe alikuwa akimgombeza. Hatusemi kwamba haumwi. Huenda anaumwa, na kama kuna dawa ya huzuni na hofu tutashukuru akipata. Tunachouliza kwa unyenyekevu ni kama uangalifu aliofundishwa na vurugu zile unaweza kuitwa tabia yake ya kuzaliwa. Kama ndivyo, basi na sisi tunaotaja majina yetu mlangoni tumeugua pamoja naye.

MAOMBI YETU

Tulikuwa tumeandaa maombi kuhusu zahanati na maji. Tumeyaacha. Leo tunaomba jambo moja.

Marcella hayupo ukumbini. Yuko ndani, nyumba ya mwisho, amejifungia na wanawe, kwa sababu amesikia kwamba gari la wakubwa limefika. Tunaomba, kabla hujatoa neno lako mbele ya Bwana Meneja, utembee hadi pale pamoja na Aron. Usimtume msaidizi.

Bisha hodi. Atakuuliza wewe ni nani, tafadhali usiudhike. Mwambie jina lako, jina la mama yako, na kwamba ulisukuma gari nasi kwenye matope. Huenda akauliza tena. Mjibu tena, kisha ungoje.

Akikufungulia, ukae naye, umuulize upya. Na tutakalosikia kutoka kwako baada ya hapo, Daktari, tutalipokea.

Mungu akulinde barabarani, na kila mlango utakaobisha ukufungukie kwa amani.

Ni sisi, wakazi wa Kambi ya Juu, Kimulot.
Imesomwa kwa niaba yao na Rodah Chepkosgei, katibu. Aron amesimama pale mlangoni pa ukumbi, anakungoja.