Kabla ya Daraja la Aras

Kiyumars: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu? Punguza muziki, Farzin, sisikii kitu!

Mahrokh: Kiyumars, ni mimi Mahrokh, dada yake Farzin. Usinitaje jina. Nakuomba, usinitaje.

Kiyumars: ...Ee.

Mahrokh: Yuko karibu yako?

Kiyumars: Ee.

Farzin (kwa karibu, akipaza sauti): Nani huyo?

Kiyumars: Mama. Ni mama tu.

Mahrokh: Vizuri. Niite mama hivyo hivyo. Na simu ibane sikioni, isisikike nje. Nimeogopa kumpigia yeye, ndiyo maana nimekupigia wewe. Ndiye anayeendesha?

Kiyumars: Ndiyo, mama. Kama ulivyotuacha.

Mahrokh: Basi sikiliza, na usipige kelele. Baba amefariki.

Kiyumars: (kimya)

Mahrokh: Kiyumars?

Kiyumars: Nipo. Nipo, mama. Mtandao... mtandao unakwaruza.

Mahrokh: Leo alfajiri. Kaswali, kakaa na chai yake pale dirishani, mimi nikatoka kununua mkate. Kurudi nakuta chai imemmwagikia mapajani na wala hakushtuka. Chai ya moto, Kiyumars! Nikajua palepale.

Kiyumars: Oh... Pole, mama. Pole sana na... na hilo jino.

Farzin: Jino tena! Mwambie mama aling'oe, hilo jino lina umri mkubwa kuliko mimi! Na mwambie mwanawe kamaliza mikate yote ya safari, tumebaki na mbegu za alizeti!

Mahrokh: Ni yeye huyo?

Kiyumars: Ndiye.

Mahrokh: Anacheka.

Kiyumars: Ee, mama. Wana furaha sana. Ile bendi yao, Zangar, wanapiga kesho jioni, Yerevan, nilikuambia. Houman kalala nyuma na mkono wake uliovunjika, wenye plasta, amekumbatia fulana ya bendi kama mtoto.

Mahrokh: Mko wapi?

Kiyumars: Tunaufuata Mto Aras. Daraja la mpakani halifiki nusu saa. Tukishavuka tu, laini hii inakufa, mama, hutanipata tena mpaka tupate laini ya Waarmenia.

Mahrokh: Msivuke! Kiyumars, msivuke. Nisikilize. Ami Heshmat anataka kuzika leo, kabla ya jua kuzama. Anasema leo Alhamisi, usiku wa Ijumaa una baraka zake, maiti asicheleweshwe. Nimelia, nimemshika miguu. Nimemwambia marehemu ana mtoto wa kiume mmoja tu, nani mwingine wa kumteremsha kaburini? Ndipo akasema, kama Farzin yuko njiani anarudi, na ni hakika, watangoja mpaka kesho asubuhi. Kama haji, wanazika leo. Anataka jibu sasa hivi. Watu wa kuosha wamekaa uani.

Kiyumars: Sasa... sasa mimi nifanyeje, mama?

Mahrokh: Mgeuze gari.

Kiyumars: Kwa kumwambia nini?

Mahrokh: Chochote! Ila hilo usimwambie akiwa kwenye usukani. Unamjua mtoto wa mama mdogo wa Nahavand, walimpigia simu yuko mlimani wakamwambia mama yake hayupo tena, wakazika wawili.

Kiyumars: Najua. Najua, mama. Na hapa ni mwamba upande mmoja na mto upande wa pili, na malori yanakuja kama yamelewa.

Mahrokh: Shika usukani wewe.

Kiyumars: Mimi na usukani wapi na wapi, mama? Hata baiskeli ilinishinda. Na Houman ndiyo huyo, mkono mmoja.

Farzin: We, unamsimulia mama maisha yetu yote? Salio lako hilo au lake?

Kiyumars: Subiri bwana! Aisee, Farzin... tumbo linaniuma.

Farzin: Ni zile mbegu. Nilikuambia uteme maganda.

Kiyumars: Sikutanii. Tugeuze, turudi Jolfa, kuna hospitali.

Farzin: Tu-nini? Rudia!

Kiyumars: Tugeuze.

Farzin: Houman! Houman, amka! Kiyumars ana uchungu, anajifungua!

Houman (usingizini): Mtoto wa kiume?

Farzin: Wee Kiyumars, miaka tisa tunawasikiliza Zangar ndani ya ghala la mbao la baba, tumeziba mlango kwa godoro majirani wasisikie. Kibali hawapewi, nchi wamehama, leo wamekuja kupiga hapo jirani tu, halafu wewe unaniletea tumbo? Kufa kwanza. Tukifika Yerevan tutakuzika kwa heshima zote.

Mahrokh: (analia)

Kiyumars: Mama, usilie. Ni... ni utani wao tu.

Mahrokh: Sijamsikia akicheka hivyo sijui tangu lini. Hapa nyumbani alikuwa hacheki. Jana baba kampa funguo za gari mwenyewe, unajua? Miaka yote anasema hayo ni makelele ya mabati, jana kampa funguo, akasimama barabarani na bakuli akawamwagia maji nyuma ya gari ili mwende mrudi salama. Akamwaga yote. Akarudi akajaza tena, akamwaga. Nikamwambia baba, moja linatosha, mabakuli mawili ya nini? Akasema, "Wako watatu."

Kiyumars: Nilimwona. Kwenye kioo.

Mahrokh: Saa nyingine nawaza, mwacheni tu aende. Akaimbe. Baba hajui tena nani kaja na nani hakuja. Halafu nawaza akirudi akute kaburi limeshasawazishwa, ataniangaliaje? Kiyumars, mimi nimechoka, sijui cha kufanya. Sema wewe.

Ami Heshmat (kwa nyuma): Mahrokh! Binti, vipi huko, anakuja au haji? Watu wamesimama juani!

Mahrokh: Dakika moja, ami! Naongea nao! — Umesikia mwenyewe.

Kiyumars: Nimesikia. Farzin, simama. Simama natapika!

Farzin: Wee, usichafue kiti cha baba! Ataninyonga! Ngoja, ngoja nipate pembeni... haya, shuka, shuka haraka!

(Mlango unafunguliwa. Upepo. Lori linapita likipiga honi.)

Kiyumars: Dada Mahrokh? Nimetoka. Nimesogea kwenye mawe huku, hanisikii.

Mahrokh: Sema.

Kiyumars: Siwezi. Wallahi siwezi. Nimekula mezani kwa baba yenu, nimekua ndani ya lile ghala lake. Alikuwa akitukuta na magitaa anajifanya amefuata misumari. Kila siku misumari! Sasa mimi ndiye nimwambie Farzin? Nitaanza na neno gani? Na nikishamwambia, nani atatuendesha? Ndiye huyo huyo.

Mahrokh: Tafuta dereva hapo. Hata wa kukodi.

Kiyumars: Dereva gani, dada? Hapa kuna mto na mawe. Mpakani nitawapata wenye teksi, lakini mpaka nimfikishe huko ndiyo ameshaweka hati za kusafiria mezani na anaruka ruka. Na kurudi mpaka kwenu Malayer ni usiku wa manane tena. Ameendesha usiku kucha, dada. Hajafumba jicho. Kila nikimwambia pumzika, ananiwekea wimbo mwingine.

Mahrokh: Hajalala kabisa?

Kiyumars: Kabisa. Anakuja! Dada, anakuja huku, nifanye—

Farzin: Wewe, unatapika au unalia? Kiyumars? Hebu nione. Aa, mwana, mama ana nini? Si jino hilo, usinidanganye. Lete hiyo simu.

Kiyumars: Acha, Farzin, acha, ni mambo ya—

Farzin: Lete bwana. Haloo? Salaam, mama yangu, Farzin hapa. Umemfanya nini huyu mwanao, kakaa juu ya jiwe analia kama kaachwa? Usihofu, nitakurudishia mzima. Mama? Haloo?

Mahrokh: (kimya)

Farzin: Mama, mbona hu—

Mahrokh: Farzin.

Farzin: Dada?

Mahrokh: Ni mimi.

Farzin: Dada, mbona wewe? Simu yangu iko wazi. Ninayo hapa mfukoni.

Mahrokh: Nilitaka... nilitaka kujua mmefika wapi.

Farzin: Kwa simu ya Kiyumars.

Mahrokh: Yako haikupatikana.

Farzin: Nipe baba.

Mahrokh: Farzin—

Farzin: Nipe nimwambie gari lake halijasumbua hata kidogo. Alisema litachemka kabla ya Tabriz. Nipe nimcheke kidogo.

Mahrokh: Amelala.

Farzin: Saa hizi? Baba?

Mahrokh: Hajisikii vizuri. Kidogo.

Farzin: Kidogo.

Mahrokh: Kidogo tu.

Farzin: Nani wanaongea hapo?

Mahrokh: Ami Heshmat amepita. Na shangazi. Wamekuja kumjulia hali.

Farzin: Nasikia Kurani.

Mahrokh: Redio.

Farzin: Redio yetu iliharibika mwaka juzi, dada.

Mahrokh: ...Ya jirani.

Farzin: Sawa. Ya jirani. Sawa. (pumzi) Nageuza gari.

Mahrokh: Farzin, ndugu yangu, taratibu. Niangalie... nisikilize mimi. Usikimbize.

Farzin: Sikimbizi. Mwambie baba anisubiri.

Mahrokh: Farzin—

Farzin: Mwambie tu. Na ami Heshmat mwambie asimharakishe. Namjua yule, kila kitu yeye haraka. Anisubiri mpaka nifike, mimi ndiye nitakaye... Niahidi.

Mahrokh: Nitamwambia.

Farzin: Niahidi, dada.

Mahrokh: Nakuahidi.

Farzin: Shika simu yako, Kiyumars. Panda. Houman, umehamia mbele? Rudi nyuma... basi kaa, kaa hapo hapo. Pandeni.

(Milango. Gari linawaka.)

Kiyumars: Haloo? Dada, upo?

Mahrokh: Nipo. Amegeuza?

Kiyumars: Amegeuza. Mimi niko nyuma sasa. Houman hajui kinachoendelea, anauliza pasipoti kaziacha nani.

Mahrokh: Alhamdulillahi. Ami! Ami Heshmat, anakuja! Wamegeuza!

Ami Heshmat (kwa nyuma): Kutoka wapi?

Mahrokh: Mpakani, ami, Aras! Watafika kabla ya asubuhi! — Kiyumars, yukoje?

Kiyumars: Kazima muziki. Hasemi. Anaendesha... sijui nisemeje. Kwanza alikwenda pole kabisa, malori yote yanatupita. Sasa kaongeza. Anafuta macho kwa mkono mmoja, dada, na — Farzin! Farzin, kulia! Kulia bwana!

(Honi ndefu.)

Mahrokh: Nini? Kiyumars! Nini?

Kiyumars: Limepita. Limepita, ni lori, alikuwa ameingia upande wake. Tuko salama. Houman anasoma shahada. Farzin mwenyewe hata hajageuza kichwa, dada. Sidhani kama ameliona.

Mahrokh: Mwambie asimame.

Kiyumars: Nimemwambia. Anasema baba anamsubiri.

Mahrokh: (kimya)

Kiyumars: Dada?

Mahrokh: Mpaka Malayer hivyo. Usiku, milimani. Siku mbili bila usingizi.

Kiyumars: Nitamsemesha njia nzima, nitamwimbia—

Ami Heshmat (kwa nyuma): Mahrokh, neno la mwisho, binti! Tunangoja kesho, au vipi? Niwaambie watu nini?

Mahrokh: Mchukueni, ami.

Ami Heshmat (kwa nyuma): Unasema?

Mahrokh: Mchukueni baba. Leo. Zikeni leo.

Kiyumars: Dada! Dada, si umemwahidi?

Mahrokh: Nimemwahidi. Sikiliza. Tabriz mna jamaa?

Kiyumars: Yupo binamu yake Houman.

Mahrokh: Laleni huko. Mfike, mle, mpatieni chai, mfungieni chumba alale mpaka achoke kulala. Akiuliza, mwambie mimi nimepiga, nimesema hakuna haraka. Mwambie baba anamsubiri.

Kiyumars: Halafu akifika je? Akikuta...

Mahrokh: Anilaumu mimi. Wewe hukujua kitu, Houman hakujua kitu. Mimi ndiye niliyesema. Asinisemeze mwaka mzima, sawa. Awe hai tu wa kuninunia.

Kiyumars: Dada Mahrokh, mimi siwezi kumwambia uongo huo.

Mahrokh: Utaweza. Wanamtoa sasa. Wanamtoa, Kiyumars, lazima niende, wanawake hawanisubiri— Mwambie sasa hivi, akiwa hapo. Nisikie.

Kiyumars: Farzin... Farzin, dada anasema punguza mwendo. Tutalala Tabriz. Anasema baba... baba anakusubiri.

Farzin: (kwa mbali) Kweli?

Kiyumars: Kweli.

Mahrokh: Amepunguza?

Kiyumars: Amepunguza.